Ngoma Hii Inamtoa Nani?

Shamba la Kinole, huku milimani Uluguru, ukilitazama vizuri utaona kwamba sehemu kubwa yake ni India Kusini. Pilipili manga imejisokota kwenye shina la mti mwingine, iliki imejificha kivulini, na fenesi limening'inia kama mtoto mzito mgongoni mwa mama. Mimea yote hiyo mitatu asili yake ni milima ya kusini-magharibi mwa India, ile inayoitazama pwani ya Malabar. Imepita mikono ya watu wengi hadi kufika Morogoro. Lakini nenda leo umwambie mtu wa Kinole kwamba fenesi ni tunda la kigeni, utachekwa. Linaliwa, linagombewa na wajukuu, linapelekwa mjini kuuzwa. Basi ni lake.

Kwa tunda hatuna shida. Kwa ngoma ndipo tunapokunjiana uso.

Rafiki yangu mmoja, mtunzi wa ngoma hapa mjini Morogoro, anataka kuandaa kazi mpya ya jukwaani. Kwa miaka kadhaa amejifunza densi za kale za India Kusini, hasa bharatanatyam, na kidogo mohiniyattam ya Kerala. Anataka kuzichanganya hizo mbili, kisha aziweke pamoja na miondoko ya ngoma ya mwali ya Waluguru. Alipolitoa wazo hilo kwenye kundi letu la WhatsApp, kukawaka. Nusu walisema anaharibu utamaduni. Nusu walisema sanaa haina mipaka, mwacheni mtu atunge. Mimi nilisoma pande zote mbili nikaona zinabishana kuhusu jambo ambalo historia ilishalimaliza zamani. Densi za India Kusini zimekuwa zikichanganywa tangu tunazijua. Swali lililobaki wazi ni jingine kabisa, na linatuhusu sisi Watanzania kuliko tunavyodhani: ngoma ikipandishwa jukwaani, ni nani anaachwa mlangoni?

Tuanze na jinsi densi hizi zilivyotufikia. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki wana asili ya Gujarat, Kutch na Punjab, na ngoma zao za nyumbani ni garba na dandia, si bharatanatyam. Babu na bibi zetu waliiona India Kusini ikicheza ndani ya sinema. Kuanzia miaka ya 1950 filamu za Kihindi zilijaza kumbi za miji yetu, na kati ya nyota wa filamu hizo walikuwamo wanawake waliofunzwa bharatanatyam tangu utotoni: Vyjayanthimala, Padmini, Waheeda Rehman, baadaye Hema Malini. Mtu wa Tanga au Ujiji aliyetoka sinema akiigiza shingo inayocheza peke yake na macho yanayozunguka, alikuwa anaigiza, bila kujua, kitu kilichokuwa na historia ya maumivu.

Historia hiyo imo hata kwenye riwaya. R. K. Narayan alichapisha The Guide mwaka 1958, na mwaka 1965 ikawa filamu, Waheeda Rehman akicheza kama Rosie. Rosie ni msomi, ana shahada, na ameolewa na mtu wa heshima. Lakini ametoka kwenye ukoo wa wanawake wacheza ngoma wa hekaluni, na mumewe hataki hata kusikia habari ya kucheza. Baadaye Rosie anakuwa nyota wa jukwaani, ila kwa jina jingine. Anapata makofi, jina la ukoo wake linafichwa. Narayan hakuwa anabuni kitu kigeni. Alikuwa anasimulia kwa ufupi yaliyotokea Madras.

Wanawake hao waliitwa devadasi, maana yake watumishi wa mungu. Walikabidhiwa hekaluni, hawakuolewa na mwanadamu, na wengi waliishi na mabwana wenye mali waliowatunza. Walikuwa na elimu ya muziki na ushairi katika zama ambazo wanawake wengine walinyimwa kusoma. Densi yao iliitwa sadir. Na hiyo sadir yenyewe haikuwa imeshuka kutoka mbinguni ikiwa imekamilika. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika ufalme wa Tanjore, ndugu wanne, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, waliipanga upya: densi gani ianze, ipi ifuate, ipi ifunge. Vadivelu baadaye alihamia Travancore, katika Kerala ya leo, kwenye baraza la mfalme Swathi Thirunal, na anatajwa miongoni mwa watu walioiathiri mohiniyattam. Kwa hiyo rafiki yangu anapochanganya bharatanatyam na mohiniyattam, anatembea kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa karibu miaka 200 iliyopita. Hapo wale wa "anaharibu utamaduni" hawana hoja.

Kisha zikaja zama za wakoloni na warekebishaji wa jamii. Wamisionari, maofisa na Wahindi wasomi walianza kupinga desturi ya devadasi, wakisema ni ukahaba uliovishwa dini. Tusiwe wepesi wa kuwacheka. Mmoja wa waliopigana zaidi alikuwa Muthulakshmi Reddy, daktari, aliyeingia baraza la kutunga sheria la Madras mwaka 1927. Mama yake mwenyewe alitoka kwenye jamii hiyo ya devadasi. Alikuwa anatetea wasichana wadogo waliopangiwa maisha kabla hawajajua maana yake. Hatimaye mwaka 1947 ikapita sheria Madras ya kupiga marufuku kuwakabidhi wasichana hekaluni.

Lakini wakati wanawake hao wanafungiwa mlango wa mbele, densi yao ilikuwa inatolewa kwa mlango wa nyuma. Katika miaka ya 1930 mwanasheria E. Krishna Iyer na wenzake wa Chuo cha Muziki cha Madras waliitetea densi hiyo isife, na jina sadir likaachwa, ikaitwa bharatanatyam, jina lenye harufu ya vitabu vitakatifu. Desemba 1935 Rukmini Devi Arundale, mwanamke wa tabaka la Brahmin, alipanda jukwaani kuicheza. Watu walishangaa: binti wa familia ya heshima anacheza densi ya wale? Mwaka uliofuata akaanzisha shule ambayo leo dunia inaijua kama Kalakshetra.

Rukmini Devi ndiye hasa anayepaswa kusomwa na mtu yeyote anayetaka kutunga kazi za mchanganyiko. Hakuishia kwenye densi ya mtu mmoja. Kuanzia miaka ya 1940 alitunga tamthilia za densi, ikiwamo Kutrala Kuravanji na mfululizo wa kisa cha Ramayana. Ili kuzitunga aliwaleta Kalakshetra mabingwa wa kathakali kutoka Kerala, Ambu Panicker na Chandu Panicker. Kathakali ni sanaa ya wanaume, ya usiku kucha, nyuso zimepakwa rangi nzito, macho na nyusi vinafanya kazi ya maneno. Bharatanatyam ni mistari, magoti yaliyokunjwa nje, nyayo zinazopiga sakafu. Aliziweka pamoja, akabadilisha mavazi, akabadilisha taa, akazileta hadithi kwa watazamaji wa mjini walionunua tiketi. Kazi nzuri, hakuna ubishi. Bila yeye huenda tusingekuwa na cha kujadili.

Ila katika kuisafisha densi aliondoa kitu. Mapenzi ya mwili, yale ambayo mwanamke anamwimbia mungu kama mpenzi aliyechelewa kurudi, aliyaona hayafai, akayapunguza. Balasaraswati, aliyezaliwa mwaka 1918 katika ukoo wa wasanii wa vizazi vingi wa jamii hiyo hiyo iliyotengwa, alimpinga. Kwake yeye mapenzi hayo ndiyo roho ya densi. Hayakuwa uchafu wa kusuguliwa. Jambo linaloniuma ni hili: wote wawili walipata mafunzo kwa mwanamke mmoja, Mylapore Gowri Ammal, devadasi wa hekalu la Mylapore. Jina la Rukmini Devi liko kwenye vitabu vya shule. Balasaraswati alifundisha mpaka Marekani, na Satyajit Ray akamtengenezea filamu mwaka 1976. Gowri Ammal, mwalimu wao, ni nani anayemjua nje ya wataalamu?

Katika ngoma za kwetu msichana huwekwa ndani, kisha hutolewa. Kule Madras ngoma ndiyo iliyotolewa nje, mwenye ngoma akawekwa ndani.

Sasa usidhani hayo ni ya Wahindi tu. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuingia urais, Nyerere alitangaza kuunda wizara ya utamaduni. Aliwasuta wasomi wa wakati ule: wengi walijua kucheza rumba na chachacha za wageni, lakini gombe sugu au lelemama hawazijui. Mwaka 1963 kikaanza kikundi cha taifa cha ngoma. Kwa bahati tu, huo ndio mwaka ambao kule Madras Vempati Chinna Satyam alianzisha chuo chake cha kuchipudi, densi iliyokuwa ya wanaume wa kijiji kimoja cha Andhra, akaifungulia wasichana na kuitungia tamthilia mpya. Mataifa mawili mapya yalikuwa yanafanya kazi ileile: kuchukua ngoma ya mahali na kuifanya ya wote.

Kwetu mfano maarufu ni sindimba ya Wamakonde. Ngoma iliyokaa jirani na jando na unyago, yenye mafunzo ya maisha ya mke na mume ndani yake, ilipangwa mistari, ikafupishwa dakika, ikachezwa mbele ya wageni wa serikali na baadaye kwenye kumbi za burudani. Kiuno kikabaki, somo likaondoka. Kisha watu walewale waliokiondoa kisomo wakaanza kulalamika kwamba hicho kiuno hakina adabu! Penina Mlama, ambaye wapenzi wa tamthilia tunamjua kwa Hatia na Nguzo Mama kama Penina Muhando, ni miongoni mwa waliouliza kwa sauti ngoma inabaki na nini ikinyang'anywa kazi yake. Yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijaribu njia nyingine miaka ya 1980, katika vijiji kama Malya na Msoga. Walikaa na wanakijiji, wanakijiji wakachambua matatizo yao, kisha wakatunga michezo kwa ngoma zao wenyewe, kwa ajili yao wenyewe. Wakati huohuo Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981, kilikuwa kinafundisha vijana wa makabila yote kucheza ngoma za makabila yote. Rafiki yangu ni tunda la shule hiyo ya mawazo. Haoni ajabu mtu wa Kagera kucheza ngoma ya Mtwara, na kwa hiyo haoni ajabu mtu wa Morogoro kucheza ya Madras.

Na kusema kweli, kimwili anachokisema kina mantiki. Amenionyesha. Mchezaji wa bharatanatyam hukunja magoti, anashusha kiuno karibu na ardhi, anapiga nyayo. Njuga miguuni zinajibu. Mwalimu hukaa pembeni akitamka mdundo kwa mdomo, silabi kwa silabi, kabla mguu haujautoa. Ngoma zetu nazo zinainama kwenye ardhi, zina njuga, na mpigaji mzuri humfundisha mwanafunzi mdundo kwa mdomo kwanza. Hizi si densi za kuruka angani kuikimbia dunia. Ni densi za kuikanyaga dunia mpaka isikie. Zikikutana haziwi kama maji na mafuta.

Basi tukapanda Kinole pamoja, kwa kuwa ndiko kwao mama yangu, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kule sina haja ya kubisha hodi mara mbili. Kinole si kijiji cha kawaida katika historia ya milima hii. Ndiko makao ya Kingalu, jina la utawala linalorithiwa, la mtu aliyeogopwa na kuheshimiwa kwa uwezo wa mvua, na ambalo leo limebandikwa kwenye soko kuu la Morogoro. Wenyeji wa hapa wanajua pia maana ya kupangiwa mambo na mtaalamu. Miaka ya 1950 Waingereza walilazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Mwaka 1955 milima ikawaka kwa ghasia, kwa sababu wenye ardhi waliamrishwa, hawakuulizwa.

Mwali nako kulikuwa na wataalamu wake. Msichana akivunja ungo, aliwekwa ndani, akafundwa na wanawake wazima kwa nyimbo na mafumbo, kisha akatolewa kwa ngoma kubwa, amependezeshwa, anatazamwa na ukoo mzima. Jirani zao Wakwere na Wazaramo wana desturi za karibu na hizo, pamoja na kile kinyago kidogo cha mwana hiti ambacho siku hizi ukitaka kukiona vizuri unaenda makumbusho ya Ulaya. Wamisionari wa Matombo, waliofika mwishoni mwa karne ya 19, walihangaika sana na ngoma hizo. Shule ikafupisha siku za kukaa ndani. Na tuseme ukweli kama tulivyousema kwa Muthulakshmi Reddy: msichana kukaa ndani miezi huku wenzake wanafanya mtihani si jambo la kulilia lirudi.

Tulimkuta bibi mmoja wa ukoo wetu akianika pilipili manga kwenye mkeka. Tukaamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia na kuuliza habari za mama yangu kwanza, kama inavyotakiwa. Rafiki yangu akaeleza mpango wake, akasimama uani akacheza kidogo, vidole vimekuwa ua, macho yanamfuata nyuki asiyeonekana. Bibi alitazama mpaka mwisho. Alifurahi, hilo niliona. Akasema miguu hiyo anaijua, ila mikono ni ya kwao.

Kisha akauliza, "Sasa mjukuu wangu, hiyo ngoma yenu inamtoa nani?"

Rafiki yangu hakuelewa. Bibi akamfafanulia taratibu, kama anayemweleza mtoto. Ngoma ya mwali inachezwa kwa sababu yuko binti ndani. Ikiisha, binti yuko nje, na kila mtu anamjua kwa hali yake mpya. Kama ndani hakuna mtu, mnacheza mnamtoa nani?

Nimelifikiria swali hilo wiki kadhaa, na sijaona kitabu cha nadharia ya densi kinacholiuliza kwa ufupi namna hiyo. Devadasi alimchezea mungu, akijua mungu yuko ndani. Rukmini Devi alicheza kumtoa nani? Nadhani alimtoa mwanamke wa Kihindi wa tabaka la juu, aliyekuwa amefungiwa nyumbani kwa jina la heshima. Huo ni ukombozi wa kweli, sitaki kuudharau. Lakini alitoka kwa kukanyaga bega la mwingine. Kikundi chetu cha taifa kilimtoa Mtanzania, mtu ambaye kabla ya hapo hakuwapo. Na hilo pia ni jambo kubwa. Ila mama wa Kimakonde aliyeijua sindimba kwa maana yake yote, tulimwacha kijijini na ngoma iliyopunguzwa thamani machoni pa wajukuu zake.

Kuna aliyejaribu kwa namna nyingine. Chandralekha, aliyefunzwa bharatanatyam kwa njia ya kale, aliacha jukwaa kwa miaka mingi, na mwaka 1985 akarudi na kazi iitwayo Angika. Aliiunganisha bharatanatyam na kalarippayattu, sanaa ya kupigana ya Kerala, pamoja na yoga. Aliondoa vito, aliondoa tabasamu la kuwafurahisha wakubwa, akabakiza mwili na nguvu zake. Watu wengi walikasirika. Lakini ukimuuliza swali la bibi wa Kinole, alikuwa na jibu: alikuwa anautoa mwili wa mwanamke, uliokuwa umefunikwa na mapambo na utakatifu. Mchanganyiko wake ulikuwa na mtu ndani.

Kwa hiyo namwambia rafiki yangu, na yeyote anayefanya kazi kama yake: changanya. Usiogope wanaokuambia kila kitu kikae kabatini kwake. Wanasema hivyo huku wanakula fenesi. Lakini kabla ya kupanga hatua ya kwanza, amua ni nani aliye ndani. Nyimbo ambazo wanawake wanazifundisha kwa siri ziache kwa siri yao. Mwiko nao ni sehemu ya utunzi. Bibi akikufundisha mdundo, jina lake liandikwe kwenye tangazo kama mwalimu, akitaka, tena kwa herufi zilezile za jina lako, na malipo yake yawe ya mwalimu, si kilo mbili za sukari na picha ya pamoja. Na onyesho la kwanza lisiwe Dar es Salaam wala Bagamoyo. Liwe Kinole, uwanjani, mchana, ambapo atakayeona umedanganya hatua atakuzomea papo hapo.

Amekubali mawili kati ya hayo. Kuhusu onyesho la kwanza bado tunabishana, kwa sababu mfadhili anataka ukumbi wenye taa. Bibi kwa upande wake ametuma salamu kwamba mvua zikikatika yuko tayari kumsikiliza tena, ila safari hii kijana aje na dada zake.